Gari la kibosi la dizeli kwa pesa za kuhesabu: vuta dipstiki kwanza

Malalamiko yamenizidi. Leo ni msomaji wa Watamu, kesho wa Kilifi, na habari ni ile ile: nilinunua gari zuri la dizeli, limenyooka, viti vya ngozi, halinywi mafuta, sasa injini imekufa na fundi anataja pesa za kununua gari jingine. Wa karibuni ni jamaa wa hapa Malindi, upande wa Casuarina. Alipeleka gari gereji kwa shida ya breki tu, fundi akavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, akakuta oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Mwenye gari alikuwa anajua. Alishamuuliza aliyemuuzia, akajibiwa: "Kaka, oili kujaa ni neema. Wenzako zao zinapungua."

Ile si neema. Ni dizeli iliyoingia kwenye oili, na ndiyo iliyonitoa usingizini niandike haya. Kwa hivyo mambo ya rangi, redio, tairi na ngozi za viti sitayagusa kabisa. Hayo mnayajua, na msipoyajua dalali atawaimbia bila kuombwa.

Oili inapandaje?

Dizeli za miaka hii zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, mafundi wanakiita DPF. Kikijaa, kompyuta ya gari inaamua kuyachoma masizi. Inapuliza dizeli ya ziada kwenye silinda kwa kuchelewa makusudi, pistoni ikiwa inashuka, ili ikaungue huko mbele na kukipasha kichujio joto la nyuzi 600 hivi. Kazi hiyo inataka mwendo usiokatika wa robo saa au dakika 20, spidi 60 kwenda juu. Ukizima gari katikati, masizi yanabaki, na kesho kompyuta inaanza upya kupuliza dizeli ile ile. Sehemu yake haifiki kwenye ekzosi; inateleza kwenye kuta za silinda mpaka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili inapanda na kulegea kama mchuzi uliozidishwa maji baada ya wageni kuongezeka, halafu turbo, beringi na cheni vinategemea mchuzi huo.

Sasa tazama gari linavyoishi hapa mjini. Asubuhi Ngala hadi skuli, skuli hadi sokoni, sokoni hadi Casuarina, jioni kurudi Barani, AC ikipiga mwanzo hadi mwisho na tuktuk zikikukatia kila mita hamsini. Hakuna safari hata moja hapo inayompa kompyuta robo saa yake. Mtu anayeshuka Mombasa kila wiki, kilometa 120 hivi za kwenda, hana wasiwasi sana. Anayepanda kaskazini kuvuka Sabaki hadi Mambrui na Gongoni naye ana nafasi ya kuyachoma masizi. Lakini kama safari yako ndefu ni ya Jumapili kwenda Watamu kula samaki, na yenyewe ni matuta mpaka Gede, nakwambia waziwazi, nunua petroli. (Ndugu zetu wa Lamu wanaoliacha gari Mokowe wiki nzima na kupanda boti, nyinyi ndio kabisa. Au mwendeshe mpaka Garsen kila mnapolichukua.)

Na hapa ndipo kilometa chache zinapogeuka kuwa kasoro. Muuzaji anajisifu kwamba gari lina umri wa miaka minane na limetembea elfu 40 tu, "bibi mmoja wa Kijapani, alikuwa akienda dukani na kurudi." Kwa petroli ningefurahi. Kwa dizeli, kwenda dukani na kurudi miaka minane ndiyo maradhi yenyewe! Mimi nalipendelea la elfu 160 lililozipata kwenye barabara kuu za Uingereza, mradi karatasi zake za huduma zipo.

Namna ya kukagua

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ataliwasha. Weka mkono juu ya boneti, na likiwa na joto mwambie utarudi kesho. Gari likae mahali pa sawa, si kwenye mteremko wa mchanga. Vuta dipstiki, ipanguse, irudishe, ivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa juu ya alama ya juu, kuna mtu mkarimu aliyezidisha, au kuna dizeli ndani. Inuse. Dizeli haijifichi. Kisha dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe na usubiri. Oili nzuri inaacha doa zito linalotulia, na yenye dizeli inatambaa na kuacha duara jepesi la mafuta pembeni. Kama gari halina dipstiki, kiwango kisomwe kwenye dashibodi.

Rangi isikushughulishe. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema tu baada ya kubadilishwa, hilo ni jambo la kawaida, na wauzaji wanajua kwamba nyinyi mnaogopa weusi. Wanamwaga oili usiku wa kuamkia ukaguzi, wanatia mpya inayong'aa rangi ya asali, nanyi mnashangilia. Mimi oili inayong'aa kwenye dizeli iliyotumika inanitia shaka zaidi. Iliyomwagwa ilikuwa na nini?

Halafu nenda nyuma, tia kidole chenye tishu ndani ya bomba la ekzosi. Kichujio kikiwa kizima, bomba karibu ni safi. Tishu ikitoka nyeusi tititi, kichujio kimepasuka au kimetolewa matumbo. Wapo mafundi wanaokitoboa na kuacha programu ya kompyuta vile vile, kwa hivyo gari linaendelea kupuliza dizeli kuchoma masizi ya kichujio ambacho hakipo, na oili inaendelea kupanda. Sitaji moshi wanaovuta majirani, maana huo ungetaka makala yake.

Mwisho, kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kuisoma kompyuta ya gari kwenye simu. Ukikosa chako, fundi wa umeme wa magari anacho. Angalia gari limekwenda kilometa ngapi kati ya uchomaji mmoja na mwingine. Likiwa linachoma kila baada ya kilometa zisizofika 100, mimi naondoka.

Ninavyoyapanga

Bajeti ninayoizungumzia ni chini ya milioni mbili, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Benz.

Ya kwanza, na kwa mbali, ni Mercedes-Benz E-Class ya toleo la W212, E220 CDI au E250 CDI. Injini ni OM651, silinda nne, na kwenye E250 inatoa nguvu farasi 204 na torki ya Nm 500. Ukiikanyaga kupita lori la chumvi huko Gongoni unaona tu lori limebaki kwenye kioo. Lakini sababu yangu ni sampu. Inabeba oili lita sita na nusu. Nusu lita ya dizeli ikiingia humo inadhuru kidogo kuliko ikiingia kwenye injini inayobeba oili lita tano. Nayo haina kinga kamili, kwani kichujio kinacho na uchomaji ni ule ule, ila inakupa muda wa kushtuka. Za mwaka 2009 hadi 2011 zilikuja na nozeli za Delphi zilizosumbua sana, na nyingi zilibadilishwa. Omba ushahidi wa hilo. Cheni ya taimingi iko nyuma ya injini, kwa hivyo ukisikia mkwaruzo wa sekunde chache asubuhi, usinunue kwa huruma. Tia oili yenye namba MB 229.51 peke yake. Oili ya lori, hata ikiwa ya bei, ina majivu yanayokiziba kichujio, na majivu hayachomeki.

Tatizo ni kwamba W212 ilikoma kutengenezwa mwaka 2016, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Zilizopo ni zile zilizokwisha kuingia nchini, na wenye nazo wanajua. Usivutwe na E350 BlueTEC kutoka Japani. Ni V6 tamu, lakini inataka AdBlue, maji ya urea yasiyopenda joto letu: yakikaa juu ya nyuzi 30 yanaharibika upesi, na tangi likikauka gari linahesabu kilometa kisha linakataa kuwaka. Likigoma uko njia ya Tsavo, utajua mwenyewe.

Ya pili ni Benz tena, mtanisamehe: toleo lililotangulia, W211, E220 CDI ya kuanzia katikati ya 2006. Mwaka ni muhimu. Za kabla ya hapo zina breki za umeme ziitwazo SBC, ambazo pampu yake inahesabiwa umri, na hesabu ikiisha dashibodi inakuwa nyekundu na pochi yako pia. Toleo la 2006 lilirudi kwenye breki za kawaida. Injini ya OM646 ni ngumu, na baadhi hazikufungwa kichujio kabisa, kwa hivyo habari ya oili kupanda haiko. Dizeli yetu ilishuka hadi salfa sehemu 50 kwa milioni Januari 2015 tu. Kabla ya hapo ilikuwa 500, na kichujio na salfa haviivi chungu kimoja. Kwa gari lililokulia hapa, kukosa kichujio ni afya. Kagua kutu chini ya milango. Upepo wa bahari yetu hauna adabu.

Ya tatu ni Mazda Atenza ya dizeli, lita 2.2, ndiyo iliyojaa kwenye yadi. Nzuri kwa sura, na Nm 420 si mchezo. Nayo ndiyo mama wa malalamiko ninayopokea. Mazda wenyewe wameweka alama ya X kwenye dipstiki, juu ya alama ya kujaa, maana yake ukifika hapo mwaga oili mara moja. Kampuni imekwambia kwa maandishi kwamba oili itapanda, na bado watu wanaambiwa ni neema! Jambo jingine wasilolijua mafundi wengi wa mtaani ni kwamba ukibadilisha oili lazima kompyuta iambiwe, la sivyo inaendelea na hesabu ya oili ya zamani. Masizi pia yanaganda kwenye njia ya hewa. Ukiwa mtu wa Mombasa kila wiki na unamwaga oili kila kilometa 5,000, inunue kwa moyo mweupe. Ukiwa mtu wa skuli na soko, usiisogelee.

BMW 520d, au 523d kama inavyoitwa ile ya Japani, raha yake barabarani inaishinda Benz, nakubali kwa shingo upande. Ila injini ya N47, iliyotumika 2007 hadi 2014, ina cheni upande wa giaboksi, na cheni hiyo inachakaa. Kuifikia ni kushusha vitu. Changanya na oili iliyolegea, halafu nitumie picha. Ukipata yenye B47 iliyofuata, ni habari nyingine, lakini pesa zetu hazifiki.

Jaguar XF yenye injini ya Ingenium: oili inapanda kama Atenza na vipuri ni vya kuagiza. Hapana. Audi A6 na Passat TDI zipo, ni za bei ya chini, na sina la kusema zaidi ya kagua giaboksi. Wanaodai Passat ni "ile ya mawaziri" wakumbushwe kwamba ukomo wa serikali wa injini za magari ya wakubwa mwaka 2009 ulikuwa cc 1800, na TDI ya lita mbili inapita hapo.

Na hizi bei

Ushuru wa forodha ulipandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023, na dizeli inayozidi cc 2500 inabeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 nyingine, kisha VAT ya 16 juu yake. Hayo nayaelewa hata nikiyachukia. Nisilolielewa ni gari lililolipiwa ushuru miaka saba iliyopita kupanda bei kila ushuru unapotangazwa, kama kwamba litapita bandarini Kilindini mara ya pili. Yadi moja, siitaji, ilinipa bei moja kwa simu, na nilipofika na mgeni wa Kiitaliano aliyekuwa akitafuta gari lake mwenyewe, bei ikaongezeka laki tatu kabla hatujakaa. "Dada, ile ilikuwa bei ya jana." Madalali nao wanajipanga watatu kwenye gari moja, kila mmoja na chake, na ukitaka kulijaribu unaombwa pesa ya mafuta ya gari ambalo tangi lake linaonyesha nusu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Malindi magari yanatembezwa mpaka mlango wa msikiti.

Kabla hujapatana, piga simu kwa muuza vipuri Mombasa, umuulize bei ya DPF mpya ya gari hilo hilo, mwaka huo huo. Piga ukiwa umesimama mbele ya muuzaji, simu ikiwa kwenye spika.