Daktari wa pikipiki anayechanja punda pepopunda, Karagita na Kihoto: nyota 4

Wadau wa mikokoteni hapa Naivasha, naandika hii juu kila tukipanga foleni ya maji mtu ananiuliza punda wangu nawachanjia wapi. Kuna daktari wa mifugo anazunguka na pikipiki Karagita mpaka Kihoto, anachanja pepopunda, na kwa kazi yake mimi naridhika kabisa.

Mjue kwanza kwa nini nahangaikia hii chanjo. Jirani alikuwa na punda jike, kazi kweli kweli, akadungwa na msumari kwa kwato ya nyuma, ukatolewa, kidonda kikajifunga juu watu wakasahau. Baada ya kama wiki mbili hivi akaanza kutembea miguu imekauka kama mbao, mkia umesimama, masikio yamekakamaa, kile kingozi cha ndani ya jicho kinatoka kinafunika nusu ya jicho, nyasi ziko mdomoni na hawezi kutafuna, na ukiangusha tu mtungi anashtuka mwili mzima. Alikufa. Ikifika hapo hata ukiita daktari wengi hawaponi. Na usiseme boma lako ni safi, vijidudu vya pepopunda viko kwa udongo na hata kwa mavi ya punda mwenyewe, vinapenda kidonda chembamba kilichoingia ndani sana mahali hewa haifiki, ndio maana katundu ka msumari ni hatari kuliko mkwaruzo mkubwa unaouona.

Sasa huyu daktari. Chanjo anaibeba kwa boksi la barafu na ndani kuna kipimajoto, analifungua mbele yako uone mwenyewe iko kati ya nyuzi 2 na 8, isipate joto na isigande. Kuna duka moja la dawa za mifugo walitaka kuniuzia chupa iliyokaa kwa shelfu dirishani jua linaipiga, hiyo nilikataa. Anadunga kwa msuli wa shingo, halafu anainua kwato zote nne anazikwangua kutafuta misumari na vijiwe, na hiyo hakulipishi.

Lakini kilichonifanya nibaki na yeye ni dozi ya pili. Ile ya kwanza peke yake haitoshi jamani, lazima irudiwe baada ya wiki 4 hadi 6 ndio kinga ishike, kisha kila mwaka. Wengine wanachanja mara moja wanapotea na wewe unakaa ukijua punda amekingwa kumbe bado. Huyu anaandika tarehe kwa kadi na ikikaribia anapiga simu mwenyewe, na anakuja.

Nilimuuliza pia kuhusu ile sindano ya haraka anayopewa punda ambaye ameumia na hajawahi kuchanjwa, akanieleza vizuri bila haraka kwamba ile inamshikilia kama wiki 3 hivi tu, bado chanjo yenyewe inahitajika. Mwenye mimba anampa ya kuongeza kama mwezi mmoja kabla ya kuzaa ili mtoto apate kinga kwa maziwa ya kwanza, na mtoto akizaliwa kitovu kipakwe iodini siku hiyo hiyo, halafu chanjo yake mwenyewe aanze akifika miezi 4 mpaka 6.

Nyota moja nimempunguzia kwa sababu haji kwa punda mmoja, chupa yake ni ya dozi nyingi na akishaifungua hataki imwagike, kwa hivyo lazima mkusanyane majirani na kuna wenye punda wagumu kutoa hela kwa mnyama ambaye haumwi. Bei si ya kutisha, ukigawa ni kama pesa ya maji ya asubuhi moja.

Kama uko upande wetu ongea na vijana wa mikokoteni, namba yake wanayo wengi, ila mjipange kwanza mfike punda watano sita ndio mumpigie.