Hitilafu ya Thunderbird: Bugzilla au Msaada wa Mozilla?
Barua pepe ikigoma kutoka kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe, uanzie wapi? Kwa haraka, Msaada wa Mozilla, jukwaa la maswali mtandaoni, unashinda: watumiaji wenzako hujibu, na mara nyingi tatizo huwa ni mipangilio au nyongeza (kijiprogramu cha ziada) uliyosakinisha. Bugzilla, tovuti ya kuripoti hitilafu, inataka subira, ila ndiko watengenezaji wanakofuatilia kazi yao.

Bugzilla inataka bidii pia: utaje toleo la programu, mfumo endeshi, hatua moja moja, ulichotarajia na kilichotokea. “Haifanyi kazi” haimsaidii mtu. “Nikibofya Tuma baada ya kuambatisha faili, dirisha linaganda” inasaidia sana! Na tafadhali ficha anwani za watu. Ripoti za huko husomwa na yeyote.

Kosa likijirudia hata nyongeza zote zikizimwa, nenda Bugzilla, ukitafuta kwanza kama limesharipotiwa. Kama huna hakika, anzia Msaada.