Vidole vinapiga, sauti inafuata nyuma: uzoefu wangu na TV na saundiba niliyouziwa Kariakoo

Nimeandika haya mara tatu nikafuta, maana kila nikianza hasira zinanipanda. Leo namaliza.

TV na saundiba yake, ile spika ndefu inayokaa chini ya TV, nilivinunua pamoja, duka moja Kariakoo, siku chache baada ya Idi, zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo ilipofika. Sikununua kwa ajili ya tamthilia wala mpira. Nilinunua kwa kitu kimoja tu: rekodi ya onyesho la taarab lililopigwa Ngome Kongwe, Unguja, nami mwenyewe nilikuwepo, safu ya tatu. Ami yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyepiga besi usiku ule, lile besi kubwa ambalo mpigaji husimama nalo. Kijana wa kamera alichukua picha, na sauti wakaivuta moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wa kuchanganyia, haikutegemea maikrofoni ya kamera. Nakala nilipewa kwenye DVD. Kwa hiyo asije mtu kuniambia sijui ilivyotakiwa kusikika. Nilikuwepo, na masikio yangu yalikuwepo.

Ufungaji ulikuwa ndani ya bei. Akaja fundi wa duka, kijana mwenye haraka zake. Akatundika TV ukutani, akaweka saundiba chini yake, na sabufa kwenye kona. Nikamuuliza waya wa kuunganisha TV na saundiba uko wapi. "Bi mkubwa, waya ni mambo ya kizamani, hii inashika kwa Bluetooth." Nikanyamaza. Nikaweka DVD kwenye deki.

Onyesho linaanza na bashraf, ule muziki wa kufungulia wa vyombo vitupu bila mwimbaji, kama ada. Kamera inamwendea mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, na kumsogelea hadi vidole vyake vinajaa kioo kizima. Asiyewahi kuiona kanuni kwa karibu nimweleze: mpigaji huvaa pete mbili, moja kila kidole cha shahada, na kila pete imeshika kijiti cha kudonolea nyuzi. Kwenye rekodi yangu unakiona kijiti kinavyojipinda kidogo kabla ya kuuachia uzi. Sasa basi. Kijiti kikajipinda, kikauachia uzi, kidole kikainuka kwenda kwenye uzi mwingine, ndipo sauti ya uzi wa kwanza ikanifikia. Noti ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Mpigaji ni hodari, mkono wake unakwenda kama mvua, na mimi nimekaa kwenye kochi langu nasikia vidole vya mtu mwingine.

Nikamwambia, "Mwanangu, sauti imechelewa." Akatazama, akasema haoni kitu. Nikamwambia tazama kidole. Akasema bado haoni. Nikasimama, nikakiweka kidole changu kwenye kioo pale kijiti kilipo. Ndipo akaingia kwenye mipangilio, akakuta sehemu ya kuchelewesha sauti, akaipandisha. Ikawa mbaya zaidi! Nikamweleza kwa upole kabisa kwamba sehemu ile kazi yake ni kuisukuma sauti nyuma pale inapotangulia picha. Haiwezi kuivuta mbele, kwani sauti ambayo haijafika utaivuta kutoka wapi? Ukiipandisha unauongeza ugonjwa.

Hapo ndipo akanijibu neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka kifua kinanibana. "Bi mkubwa, hizi nyimbo zenu ndivyo zilivyo. Hata redio ya betri inazitosha. Weka Bongo Fleva uone kama kuna tatizo." Akafunga begi lake.

Nimefundisha fizikia sekondari miaka 26. Mawimbi ya sauti nimeyasomesha kwa watoto wa watu hadi nimestaafu. Nilikuwa nikiwatoa uwanjani, mmoja anasimama mwisho kabisa na debe na rungu, wenzake wanabaki upande huu, na wote wanaona rungu linagonga kimya kisha mlio unakuja. Sauti inatembea takriban mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama nyuma Ngome Kongwe, mita 30 kutoka jukwaani, anaipata sauti imechelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, wala hasumbuki, kwa sababu jicho lake linauona ule umbali na akili inakubali. Lakini mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwenye kioo, na kidole cha mpigaji ni kikubwa kuliko mkono wangu. Akili haikubali, na haiwezi kukubali. Kijana yule hakuwa na haja ya kujua hesabu hizi. Alikuwa na haja ya kutazama pale nilipomwonyesha.

Nikapiga simu dukani. Wakasema rekodi yenyewe mbovu. Nikapiga tena, wakasema DVD ina mikwaruzo. Mara ya tatu wakauliza kama boksi bado ninalo. Yakapita majuma sijui mangapi, masika yakaingia, na mimi kila nikiiwasha TV naona kasoro nyingine. Hasira nazo zinafungua macho.

Picha, kwa mfano. Umbo la kanuni nalijua tangu utoto kwa sababu ilikuwapo moja nyumbani kwa ami, upande mmoja mrefu, wa pili mfupi, na ubavu wa mshazari. Kwenye TV hii ilikuwa imevutwa kama chapati iliyosukumwa upande mmoja. Nyuso za waitikiaji zimetanuka, mabega kama milango. Rekodi ni ya umbo lile la zamani linalokaribia mraba, na TV ilikuwa inainyoosha ijaze kioo. Rangi nazo zilikuwa za dukani, zile zinazowekwa ili TV iwake kushinda jirani zake pale rafuni. Watu ninaowajua kwa majina walikuwa na ngozi ya rangi ya chungwa.

Kilichonikera zaidi ni upinde wa fidla. Ulipokwenda kasi ulizungukwa na ukungu mwembamba, kama upinde wa pili unaoukimbiza wa kwanza. Hii ni ile sehemu ya kulainisha mwendo. Rekodi ina picha 25 kila sekunde, na TV inabuni picha zake yenyewe kuchomeka katikati ili mwendo uteleze. Ikikisia vibaya, inachora kitu ambacho hakikuwepo. Na kazi hiyo yote inakula muda, kwa hiyo picha nayo inachelewa kwa kiasi chake, Bluetooth inachelewesha sauti kwa kiasi chake, kila kimoja kinakwenda safari yake.

Na mwangwi! Mungu wangu, ule mwangwi. Fundi alikuwa ameiwekea saundiba mtindo wa "ukumbi", akasema ndivyo mubashara inavyokuwa. Mtu huyu hajawahi kuingia Ngome Kongwe. Pale hapana paa. Kuta zimejengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, nene, za mawe, lakini juu ni mbingu tupu. Sauti inapanda na kuondoka, inakwenda zake Forodhani na baharini, na ndiyo maana taarab ikipigwa pale inasikika kavu, safi, kila chombo mahali pake. Kwenye saundiba yangu orkestra nzima ilikuwa imetumbukizwa kwenye simtanki.

Niseme kitu hapa ili nisieleweke vibaya. Mimi si mtu wa kudekeza masikio. Baba yangu alikuwa akimsikiliza Umm Kulthum kutoka redio ya Kairo, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, sauti inakuja na kuzama kama ngalawa kwenye mawimbi, na sisi watoto ole wetu tukohoe. Alilia. Nimemwona kwa macho yangu akilia kwa sauti iliyojaa mikwaruzo. Santuri alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 zinachakarisha kweli, lakini mwenyewe yupo pale, unamsikia anavuta pumzi. Uchakavu navumilia. Uwongo sivumilii. Spika mbovu inakupa kidogo cha kile kilichokuwepo, na hicho kidogo ni cha kweli. Hii yangu ilikuwa inanipa kingi, kikubwa, kinachong'aa, na hakuna hata kimoja kilichotokea usiku ule.

Siku moja binti yangu akaja na kompyuta yake na hedifoni za waya. Nikamwambia tia DVD hii. Nikazivaa, nikaenda moja kwa moja kwenye makofi. Ukitaka kujua kama sauti imebanwa ikaharibiwa, usisikilize mwimbaji, sikiliza makofi. Nakala mbovu, zile zilizopita kwenye simu kumi kabla ya kukufikia, makofi yake yanasikika kama mafuta ya sambusa. Kwenye DVD yangu nilivisikia viganja vya mikono, mkono mmoja mmoja, na kigelegele cha shangazi mmoja upande wa kushoto kilikatika pale pale alipokikata. Na kidole cha kanuni na sauti yake walikuwa mtu na ndugu yake. Rekodi haikuwa na kosa hata chembe. Nilikaa pale na hedifoni kichwani nikatetemeka kwa hasira, kwa sababu walikuwa wamenifanya nianze kuitilia shaka.

Kesho yake nikaenda kununua waya wa HDMI, bei haifiki kilo mbili za nyama. Nikachomeka kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, lile linaloitoa sauti ya TV kwenda nje, upande wa pili kwenye saundiba. Bluetooth nikazima. Nikaondoa ukumbi, nikaondoa kulainisha mwendo, nikairudisha picha kwenye umbo lake na nikauacha weusi pembeni. Nikatoa rangi za dukani nikaweka ule mtindo wa sinema. Haikuchukua hata nusu saa. Fundi alikaa kwangu mchana mzima.

Nikaweka bashraf tangu mwanzo.

Sasa hapa inabidi niseme kweli, ingawa nilikaa kuandika ili niwaambie msinunue. Kijiti kilipouachia uzi, uzi ulilia. Hapo hapo. Ukungu kwenye upinde wa fidla umeondoka, na nikaona kitu sijakiona hata siku ile safu ya tatu: mpiga fidla anafumba macho kila akifika juu. Sabufa, ambayo nilikuwa nimeitukana, ikalileta besi la ami kutoka sakafuni, si lile dubwi la kutikisa vikombe kabatini, bali mti na uzi, na ule mgandamizo wa kidole kabla ya noti. Kisha nikarudisha nyuma, kwa sababu nilidhani nimesikia kitu. Nikarudisha tena. Kabla ya bashraf, wakati watu bado wanavuta viti, kuna sauti ya mtu karibu na maikrofoni ya besi, ya chini sana, inasema "haya."

Ni ami. Alikuwa akisema hivyo kila anapoanza jambo, hata kula.

Kwa hiyo vyombo ni vizuri. Ni vizuri sana, na kwa bei ile sidhani nitapata bora. Nilikuwa nimetoa nyota moja, nikaiondoa nikaweka tano. Halafu nikakumbuka kwamba "haya" ile ilikuwepo ndani ya DVD siku zote, na kwamba mtu alisimama sebuleni kwangu akaniambia redio ya betri inatosha. Ningemwamini? Kuna mama mwingine ameuziwa seti hii hii, hajasoma fizikia, anaona rekodi ya harusi ya mwanawe haikai sawa, na ameambiwa ndivyo zilivyo. Amekubali. Nikazishusha zikawa mbili. Saundiba nampa tano, TV nampa nne kwa sababu ya zile rangi, na duka sina la kuwapa mpaka wapige simu waombe radhi. Hawajapiga. Niliwapigia mimi kuwaeleza tatizo lilikuwa nini, ili angalau wamfundishe yule kijana, na aliyepokea akasema, "Sasa mama si imeshakaa sawa?"

Ukinunua, omba waya kabla hujalipa. Fundi akikwambia si lazima, omba tena.

Ijumaa baada ya isha mashoga zangu wanakuja kuangalia, wawili walikuwepo Ngome Kongwe usiku ule na mmoja ndiye mwenye kile kigelegele. Nimewaambia wawahi, wawe wameshakaa na chai iko mikononi kabla bashraf haijaanza.