Albamu ipi ya Allman Brothers Band ununue kwanza

Bendi hii ya rock ya Kusini mwa Marekani ilianza 1969 na kumaliza 2014. Katikati ilivunjika, ikaungana, ikazika watu wake. Kwa hiyo kabla hujalipa, geuza jalada usome majina ya wapigaji. Bendi ni hiyo hiyo, muziki unabadilika na mikono.

Ya kwanza ni At Fillmore East ya 1971, na hapa sibishani na mtu. Wapo wote sita wa mwanzo: Duane Allman kwenye gitaa na mdogo wake Gregg kwenye kinanda na kuimba, Dickey Betts kwenye gitaa la pili, Berry Oakley kwenye besi, Butch Trucks na Jaimoe kwenye dramu. Walirekodi New York Machi 1971, mbele ya watazamaji. Santuri mbili, nyimbo saba tu. Wimbo wa kwanza ukianza, tega sikio kwenye gitaa la Duane: amevaa kidoleni kichupa cha glasi cha dawa ya mafua, anakitelezesha juu ya nyuzi, na sauti inapanda bila ngazi. Upande wa nne wote ni wimbo mmoja, Whipping Post, dakika kama 23. Zima simu. Miezi saba baadaye Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia. Alikuwa na miaka 24.

Ya pili naiweka Brothers and Sisters ya 1973, ingawa wengi wangeiweka chini zaidi. Novemba 1972 Oakley naye alikufa kwa pikipiki, Macon hiyo hiyo, na umri wake pia miaka 24. Anasikika katika nyimbo mbili tu, zilizobaki besi ni ya Lamar Williams. Pengo la Duane hawakuliziba kwa gitaa jingine. Walimleta Chuck Leavell na piano yake. Sikiliza wimbo wa Jessica uone piano inavyopokea zamu ya kuongoza, halafu inaurudisha wimbo kwa Betts. Kama nyimbo ndefu zinakuchosha, anzia hapa.

Eat a Peach ya 1972 ni ya tatu kwa sababu moja: kwenye santuri, Mountain Jam, zaidi ya nusu saa, imegawanywa upande wa pili na wa nne. Unalazimika kubadilisha sahani muziki ukiwa umekolea. Hii nunua CD.

Hittin' the Note ya 2003 inafuata. Betts hayupo, magitaa ni ya Warren Haynes na Derek Trucks, mtoto wa ndugu yake Butch, na wanayatendea haki. Za 1980 na 1981 ziache dukani.

Ukipata Fillmore iliyotumika, hakikisha sahani zote mbili zimo, kisha uinamishe ile ya pili kwenye mwanga. Michirizi ya upande wa nne ndiyo itakayokuuma, kwa kuwa huko ndiko utakakorudi kila siku.