Banda la fundi wa cherehani mbovu, Mwanga, Kigoma: anarekebisha kweli

Kibao chake kinasema "Tunarekebisha", hakisemi "Tunatengeneza", na hapo fundi kaelewa Kiswahili. Kutengeneza ni pana mno, hata chai hutengenezwa. Rekebisha lina asili ya Kiarabu, mzizi wa kupandisha kitu na kuunganisha vipande vikakaa mahali pake. "-Isha" ya mwisho tumeipachika wenyewe, kama kwenye sawazisha. Ndicho kinachofanyika mezani kwake.

Uzi ukijikunja vitanzi chini ya kitenge, wengi hukimbilia kuchokoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Makosa: vitanzi vya chini maana yake uzi wa juu umelegea. Fundi huyu kwanza huinua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ili visahani vya kubana uzi viachie, anapitisha kitambaa katikati kutoa vumbi la pamba, ndipo anatia uzi upya. Ukitiwa mguu ukiwa chini, hauingii kati ya visahani, na kukaza skrubu ya visahani hakutasaidia kitu.

Bobini huifikia mwisho. Anakining'iniza kikopo kinachoshika bobini kwa uzi wake: kikishuka chenyewe mpaka chini, kimelegea, kikigoma hata ukikitikisa, kimekazwa mno. Skrubu ndogo ya kikopo huzungushwa robo mzunguko tu, tena chini ya hapo.

Sindano namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Anakagua ncha kwa kuipitisha kwenye ukucha.

Kasoro: bei haikubandikwa, na Jumamosi foleni ndefu. Nenda na kitambaa unachoshona, asijaribie vipande vyake.