"Bosi, hili linavuta hata nyumba": gari langu na tela dogo la kulala

Nianze na nyota kabisa: moja. Na hiyo moja ni ya viti.

Jina la gari silitaji, maana ugonjwa wenyewe unayapata mengi ya kundi hili: gari la familia lenye sura ya ubabe, otomatiki, injini ndogo yenye tabo, na kwenye tangazo maandishi makubwa kwamba linavuta kilo 1,800. Tela langu ni la ekseli moja, kilo 980 likiwa tupu. Kabla ya kununua nilimuuliza muuzaji swali moja tu: gari likijaa watu, linabakiwa na nafasi ya kubeba kilo ngapi? Akacheka. "Bosi, hili linavuta hata nyumba." Nikamwonyesha kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Akasema hicho ni cha upepo wa tairi.

Upepo umeandikwa, sawa. Lakini juu yake kuna namba inayoamua kila kitu: jumla ya watu na mizigo gari linayoruhusiwa kubeba. Langu ni kilo 430. Kwenye magari mengine huikuti hivyo moja kwa moja. Unakuta uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha unatoa uzito wa gari tupu. Hapo angalia vizuri kama huo uzito wa gari tupu umeshamhesabu dereva, maana baadhi ya watengenezaji humweka kwa kilo 75, na ukimhesabu mara mbili au ukamsahau, hesabu yote inaharibika.

Sasa fuata hesabu ambayo yule bwana hakuitaka. Tela la kilo 980 likishapakiwa halibaki 980. Maji lita 80 ni kilo 80. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa, kilo 40. Betri 25. Turubai la kivuli na vyuma vyake, 20. Vyombo, nguo, chakula, viti vya kukunja: 115, na hapo hujabeba anasa. Mizani ilisoma kilo 1,260. "Bado 540 mpaka ifike 1,800," atasema muuzaji. Ndiyo, na ndiyo sababu namba ile haina maana ukiitazama peke yake. Tela halivutwi tu, linakalia gari pia. Pale shingo ya tela inapokaa kwenye ndoano palikuwa na kilo 132. Ongeza watu wanne, 270. Mizigo ya buti, 60. Chuma cha ndoano chenyewe, 22. Jumla ni 484, yaani gari limezidiwa kwa kilo 54 huku uwezo wa kuvuta haujafika hata robo tatu.

Na hizo 132 hazikai katikati ya gari, ziko nyuma ya ekseli kwa zaidi ya mita moja, zinafanya kazi kama mtaimbo. Kwenye gari hili ekseli mbili zinaachana mita 2.65, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano ni mita 1.10. Piga hesabu: ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 187, ya mbele inanyanyuliwa kilo 55. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli na taa za mbele zinamulika matawi ya miti. Kwa hiyo ukichagua gari la kuvutia, pima urefu huo wa nyuma kwa futi kamba kabla hujafungua boneti. Kitako kifupi, ekseli zinazoachana mbali: hilo gari litatulia.

Kupima uzito wa shingo hakuhitaji mtambo. Chukua ubao mgumu, upande mmoja uweke juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani ya bafuni. Gawa umbali kati ya tofali na mizani mara tatu. Shusha shingo ya tela pale theluthi ya kwanza inapoishia ukihesabu kutoka kwenye tofali, tela likiwa sawa na ardhi. Toa kwanza kilo ambazo mizani ilisoma kwa ubao mtupu, kisha zidisha kilichobaki kwa tatu. Ukiiweka shingo moja kwa moja juu ya mizani, utanunua mizani nyingine.

Nifike kwenye kilichoniudhi hasa.

Mlima mrefu, si mkali. Giaboksi ikaanza kuhangaika: gia ya nne, ya tatu, ya nne, ya tatu. Kila inapobadilisha hivyo ule mfungo wa ndani kati ya injini na giaboksi unaachia, oili inasukwa badala ya kusukuma, na nguvu inageuka joto. Kidogo tu taa ikawaka, gari likajifunga kwenye gia moja na kutambaa. Ikikutokea, egesha, weka P, lakini USIZIME injini. Iache iungurume ili oili iendelee kuzunguka na kupoa. Ukizima, joto linabaki palepale linapika. Oili ilipotolewa, ile iliyopaswa kuwa nyekundu ilikuwa ya rangi ya kahawa, na harufu kama mkate ulioungua. Oili ya giaboksi ikipita nyuzi 120 za Selsiasi inaanza kuchakaa haraka, na gari hili halina hata geji ya kuionyesha. Lina taa tu, ya kukuarifu msiba ukiwa umeshatokea.

Gereji ya waliouza wakasema nini? Kwamba dereva "alikanyaga vibaya", na kwamba anayevuta tela anatumia gari "nje ya kawaida", hivyo dhamana haihusiki. Walewale! Wenye hata nyumba! Kitabu cha gari kina jedwali la matumizi magumu, kuvuta kumeandikwa humo, na oili ya giaboksi ina muda wake wa kubadilishwa, mfupi zaidi. Sikuambiwa ukurasa huo upo. Niliukuta baadaye, karibu na maelezo ya kubadilisha betri ya rimoti.

Haya, niwe mkweli ingawa inauma. Baada ya kufungwa kipoza-oili cha pembeni, mbele ya rejeta, oili ikipita kwanza kwenye rejeta halafu humo, gari lilibadilika. Angalia fundi asiache mpira ugusane na ukingo wa chuma, utasugulika mpaka utoboke. Maji yakasafiri lita 10 badala ya 80, tangi likijazwa mwisho wa safari. Mitungi na betri vikasogezwa karibu na ekseli ya tela. Mlimani gia inafungwa kwa mkono kwenye ya tatu kabla ya kupanda, si katikati. Mwendo ni kilomita 80 kwa saa, maana tela la aina hii ni ukuta wa zaidi ya mita 5 za mraba unaosukuma upepo. Ukienda 100, nguvu ya kuushinda upepo pekee inakaribia mara mbili. Kwa masharti hayo, linavuta vizuri. Breki zake tamu. Nyota tatu.

Ila usihamishe mzigo wote kwenda nyuma ya tela ukidhani umeokoa gari. Shingo ikiwa nyepesi mno, tela linaanza kuyumba kama mkia wa mbwa. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na kama tela lina breki za umeme zibonyeze zenyewe kwa mkono. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu.

Ningechagua tena leo? Dizeli yenye tabo na chesisi, Hilux au Ranger kwa mfano, hata kama ikiwa tupu inarusha abiria kama mikungu ya ndizi. Lakini nako usilewe na hizo kilo 3,500 za matangazo. Ukizivuta zote, kikomo cha gari na tela kwa pamoja kinaweza kukubakizia nafasi ya dereva na mkoba wake.

Nimesema tatu? Narudi kwenye ile moja. Wiki juzi nimesoma bamba la ndoano waliyonifungia wenyewe. Limeandikwa S 75 kg, yaani uzito wa shingo usizidi 75, na tela lilikuwa linaikalia kwa 132. Bamba liko chini ya bampa, huwezi kulisoma mpaka ulale chali. Yule bwana ana shati jeupe.