Fluti tatu na kinanda kimoja: nilivyokosea hadi nikapata, hapa Tabora

Ukitangaza Tabora mjini kwamba unatafuta filimbi, mtu atakuuliza unachezesha ligi ya wilaya au bonanza la mtaa. Kwa hiyo hapa nitaiita fluti, kama tunavyoiita kwenye kwaya: lile bomba la chuma lenye vifuniko, unalolishika kwa ubavu na kupuliza juu ya ukingo wa tundu. Nimepitia tatu ndani ya miaka minne. Mbili zilinila hela, moja ndiyo ninayoipiga mpaka leo.

Sikusomea muziki. Nimekulia kwenye sol-fa ya ubaoni, naishi Isevya, na kwaya yetu ina kinanda cha umeme. Kishike hicho kinanda akilini, maana ndicho kilichoniumbua. Waimbaji humfuata mwalimu popote anapoanzia, gitaa unalikaza na kulilegeza, lakini kinanda kimetoka kiwandani na A ya 440, yaani noti ya A inayotetemeka mara 440 kwa sekunde. Kina sehemu ya kupandisha na kushusha kidogo, ila kwaya nzima haiwezi kuhama kwa ajili ya mtu mmoja mwenye fluti.

Ya kwanza niliagiza mtandaoni, mpya, shilingi 280,000 pamoja na usafiri. Ilitoka kwenye boksi inameremeta kama sinia la harusi. Wiki ya tatu kifuniko cha G shapu kikakataa kurudi. Fundi redio wa Kanyenye akakinyoosha kwa vidole vitupu, na hapo nikajua chuma chenyewe ni laini kama kijiko cha bati. Noti za chini, kuanzia E kushuka mpaka C, zilikuwa pumzi tu. Miezi mitatu nzima niliamini mdomo wangu ndio mbovu. Anayejifunza hana kipimo, kwa hiyo chombo kikiwa kibovu anajilaumu mwenyewe. Hiyo inatosha kuhusu ya kwanza.

Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Ilikuwa ya zamani, ya Uingereza, mali ya mzee aliyewahi kupiga bendi Dar es Salaam. Ilikuja kwa basi ndani ya kasha lenye mahameli iliyochakaa, harufu yake kama kabati la bibi. Laki nne na nusu. Niliipuliza sebuleni jioni ile ile, na sijui niseme nini: sauti yake ilikuwa nene, tamu, kama asali ya miombo ya huku kwetu ikiwa haijachujwa. Mke wangu, ambaye ile ya kwanza alikuwa ananiambia nikaipigie nje, alikaa akasikiliza. Nikalala nimeshiba.

Jumamosi nikaenda nayo mazoezini. Noti ya kwanza na kinanda, watu wakageuka. Fluti ilikuwa juu, tena juu mno. Mwalimu akasema, "Vuta kichwa, kaka." Ni kweli, fluti huwa na vipande vitatu, kichwa, kiwiliwili na mguu, na ukivuta kichwa nje kidogo bomba linarefuka, sauti inashuka. Nikavuta. Kufika karibu sentimita moja nzima, A ikakaa sawa na kinanda. Nikashangilia mapema. Tukaanza wimbo, C ya chini bado iko juu, C shapu ya katikati imezama chini. Nikirekebisha moja, nyingine inatoroka.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye, na ni hesabu tu. C ya chini hutumia karibu sentimita 66 za hewa, C shapu ya katikati hutumia kama 31 tu. Ukiongeza sentimita moja kwenye kichwa, umewaongezea wote kipande kile kile, lakini kwa yule mfupi ni mzigo mara mbili. Kwenye tyuna, kile kipima noti cha kwenye simu, ambako nusu toni moja (hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani) imegawanywa senti 100, sentimita hiyo moja inashusha C ya chini kama senti 26, na C shapu kama senti 55. Matundu yamechongwa, hayasogei. Kuvuta kichwa ni kwa marekebisho madogo, milimita mbili tatu nne. Ukijikuta unavuta sentimita, fluti hiyo ilijengwa kwa ajili ya dunia nyingine.

Na kweli ilikuwa hivyo. Mwalimu aliigeuza chini ya taa, akaona herufi mbili ndogo: H.P. Zamani A haikuwa moja duniani. Ufaransa waliiweka 435 kwa sheria mwaka 1859. Uingereza walikuwa na sauti ya juu, A ya 452 hivi, na bendi nyingi za huko ziliendelea nayo hata baada ya mwaka 1920. Makubaliano ya 440 yalifanyika London mwaka 1939. Kwa hiyo watengenezaji waligonga H.P. (high pitch) kwenye vyombo vya sauti ya juu na L.P. (low pitch) kwenye vya sauti ya chini. Tofauti ya 452 na 440 ni senti 47, karibu nusu ya nusu toni. Mzee wa watu hakunidanganya. Nadhani yeye mwenyewe hakujua.

Basi, anayetaka ya zamani aanze kutafuta herufi hizo, kabla hata ya kuuliza bei. Na zisipokuwepo asipumzike. Fluti nyingi za wanafunzi za Marekani, zile zilizotoka Elkhart katika jimbo la Indiana, Armstrong, Gemeinhardt, Bundy na wenzao, zinazunguka sana kwenye mitumba na ni ngumu kweli kweli. Lakini baadhi ya za miaka ya nyuma zilirithi vipimo vya matundu vya enzi ya 435, kisha kichwa kikafupishwa ili zifike 440. Dalili yake: noti za mkono wa kushoto zinapanda, za mguuni zinashuka. Katika nusu ya pili ya karne iliyopita fundi Mwingereza Albert Cooper na wenzake walipiga upya hesabu za matundu kwa ajili ya 440, na viwanda vikafuata. Ndiyo maana fluti ya kawaida ya mwanafunzi ya miaka ya karibuni inaweza kupatana na kinanda kuliko kifaa cha thamani cha babu.

Neno lingine la kukutia hasara ni "silva". Muuzaji akikuonyesha maandishi ya nickel silver, hiyo ni shaba, nikeli na zinki. Fedha hamna hata chembe. Si mbaya, fluti nyingi za kujifunzia ni za hivyo, zimepakwa fedha juu. Ila usilipie bei ya sonara.

Nilipokwenda kuangalia ya tatu nilikuwa mtu mwingine. Ilikuwa Yamaha YFL-211, imetumika, mwenye nayo anahama na treni ya kwenda Kigoma wiki ile, kwa hiyo tulikutana karibu na stesheni. Alitaka laki nane. Nilimwomba saa nzima, akacheka: "Unanunua fluti au unaoa?"

Sikupuliza kwanza. Nilitoa kichwa, nikaingiza fimbo ya kusafishia upande ule wenye mstari. Mstari ule unatakiwa uonekane katikati ya tundu la kupulizia, kama milimita 17 kutoka kwenye kizibo cha ndani. Kikihama, oktava, yaani noti ile ile ya chini na ya juu, hazipatani. Hapo palikuwa sawa. Kisha nikaziba ncha ya kichwa kwa kiganja, nikafunika tundu kwa midomo na kunyonya. Ukiacha kunyonya na midomo ikaendelea kuvutwa, kizibo hakivuji. Huku kwetu jua la Septemba linakausha hata mlango, kizibo kinasinyaa, hiki kipimo msikiruke.

Halafu pedi. Ni vitambaa vya sufu vilivyofunikwa ngozi nyembamba ajabu, na ndizo zinazokufa kwanza. Nilikwenda na karatasi ya kusokotea sigara, nikaikata vipande, nikaweka kimoja chini ya kila kifuniko, nafunga kwa nguvu ya kidole tu, navuta taratibu. Karatasi ikikamatwa pande zote, pedi inafunga. Mbili za mkono wa kulia zilikuwa zinaachia upande mmoja. Hizo mbili zilinipunguzia elfu hamsini.

Ndipo nikapuliza, simu mezani tyuna imewashwa, skrini nimeilaza chini. Hilo nalisisitiza. Ukiitazama tyuna mdomo unaanza kudanganya, unavuta noti kwa midomo bila kujua. Piga kwanza, shika noti, kisha inua simu usome. Nilipiga D tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Nikapiga A, kisha C shapu, maana ndiyo noti ya umbea, hukwambia siri za fluti nzima. Ilikuwa juu kwa senti 10 hivi, jambo la kawaida kwa fluti karibu zote, unaigeuza kwa mdomo. C ya chini ikatoka safi baada ya kubana zile pedi mbili. E ya juu, ambayo kwenye ile ya mtandaoni sikuwahi kuipata, ikaitika mara ya kwanza. Modeli hii ina utaratibu wa ziada wa vifuniko kwa ajili ya noti hiyo. Tukamalizana kwa 750,000.

Sasa ni mwaka wa pili nayo. Sifa yake kubwa ni kwamba haina visa. Kichwa nimekivuta milimita nne, kinanda hakilalamiki. Sauti yake, nisiwadanganye, haina unene wa ile ya mzee, ni ya adabu mno, kama mtoto wa shule aliyechomekea. Pedi nilibadilisha nne, kwa fundi wa Dar, na gharama ya usafiri na matengenezo ilifika 140,000. Hapa Tabora sijapata wa kuzigusa, kwa hiyo anayenunua atenge hela hiyo pembeni. Masika kifuniko cha G shapu kinanata. Dawa ni ile ile karatasi ya sigara, kuifunga chini ya pedi inyonye unyevu, bila kuivuta kwa nguvu ukachana ngozi.

Na hali ya hewa. Asubuhi za Juni ninafika kanisani fluti imeganda, iko chini, naipulizia hewa ya moto kimya kimya dakika tano kabla ya kutuni. Oktoba mchana naikuta juu. Hewa ikipata joto sauti hupanda kama senti 3 kwa kila nyuzi moja, na kinanda cha umeme hakijali joto wala baridi. Asiyejua hili atamrudishia muuzaji fluti nzima.

Mpwa wangu wa kidato cha pili ameanza kujifunza kwa hiyo hiyo Yamaha. Juzi aliikuta ile ya Uingereza kabatini, akaipuliza, akaniuliza, "Mjomba, kwa nini hii nzuri umeificha?" Sijaiuza na sina mpango. Jioni, kinanda kikiwa kimefungiwa kanisani, naitoa barazani, nasukuma kichwa mpaka mwisho na kupiga peke yangu. Hapo noti zake zote zinapatana.